Diski Iliyoandikwa Mongina

Chepseon
5 Februari 2023

Kwa Nelvine, binti wa ndugu yangu,

Salamu kutoka huku kwetu kwa baridi. Mimi niko, ng'ombe yuko, kuku wamepunguzwa na mwewe. Baba yako alipita hapa baada ya Krismasi akakaa siku mbili akilalamikia goti lake na chai yangu, eti haina rangi. Nilimwambia majani mazuri yanapelekwa kiwandani na wanaoyalima hunywa yaliyobaki, na kama hataki, maji yako mtoni. Alikunywa vikombe vitatu. Wewe je, Nanyuki wamekuozesha au bado wanasubiri mimi nife kwanza?

Barua hii ameibeba dereva wa lori la viazi mpaka Nakuru, kutoka hapo itapanda gari la mizigo. Simu sisikii vizuri, unajua, na viherufi vyake ni kama siafu. Unaona hata hapa mwandiko wangu umekuwa mkubwa. Si majivuno. Nilipelekwa hospitali Longisa na daktari akasema ni presha ya macho. Nikamwuliza itapona lini. Akasema kilichopotea hakirudi, matone aliyonipa ni ya kulinda kilichobaki. Kwa sasa naona kama mtu anayechungulia kwa tundu la kufuli.

Sasa neno lenyewe. Marehemu Ombui, mume wangu, alikuwa karani katika ofisi ya misheni kabla wewe hujazaliwa. Mchungaji wa kigeni aliyekuwa pale alikuwa na kompyuta, kitu kidogo chenye uso kama dirisha la choo, na Ombui alifundishwa kuitumia. Mwaka wa 1989 tulizika mtoto wetu wa kwanza, Mongina. Alikuwa na miaka minne na ilikuwa surua. Baada ya mazishi Ombui akawa anabaki ofisini kila jioni akipiga ile mashine. Siku moja alirudi akaniambia, "Nimemweka Mongina mahali ambapo hatapotea." Alikuwa anaandika kila kitu mtoto alichowahi kusema na kufanya. Mchungaji aliporudi kwao aliondoka na mashine, Ombui akabaki na diski, na yeye mwenyewe akafa 1996. Tangu hapo hakuna mtu amezifungua.

Ziko saba. Nakutumia sita. Zilikuwa irongo, pale darini juu ya moto tunapoweka mbegu ya mahindi ili moshi ufukuze wadudu, kwa maana kitu cha thamani hapa kwetu kisipokaa kwa moshi kinaliwa na ukungu. Zilikuwa nyeusi tititi. Mtu hapeleki kitu kichafu kwa nyumba ya mwenzake, marehemu mama yangu angefufuka anichape. Nimesugua kila moja na kitambaa na mafuta ya taa, nikafungua kile kimlango cha chuma nikapangusa hata ndani, mpaka zikang'aa. Ya saba sikuigusa. Ombui aliandika juu yake jina la mtoto kwa kalamu, na niliogopa jina litatoka. Hiyo nitakutumia nikisikia hizi sita zimefunguka.

Kuna sharti. Ukipata maneno usiyasome. Yachapishe kwa herufi kubwa, uyafunge kwa bahasha, uniletee. Wakati Ombui anaandika sikujua hata a. Niliingia ngumbaru, masomo ya watu wazima, nikiwa na miaka arobaini, nikakaa benchi moja na nyanya za watu, ili nisome hayo tu. Nataka kuyasoma kwa macho yangu kabla hayajafungwa. Fanya haraka.

Ni mimi shangazi yako,
Phelis


Nanyuki
2 Machi 2023

Kwa Shangazi Phelis,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, hata ukiwa mkubwa. Sisi tuko salama. Mlima umejifunika wiki nzima na duka letu ni baridi mpaka tunatengeneza kompyuta za watu tukiwa na kofia. Habari ya kuolewa naona mmepanga na baba, maana na yeye aliuliza kwa simu kabla ya kunisalimia. Nimesikitika sana kwa ajili ya macho. Tafadhali matone yasikose hata siku moja, hata ukijihisi uko sawa.

Diski zilifika zikiwa safi kabisa.

Nimezianza. Hapa dukani tuko na kompyuta moja ya zamani yenye mlango wa diski kama hizo, wateja huicheka. Nilipoweka ya kwanza iliniambia diski hii haijatayarishwa, je, unataka niitayarishe? Swali hilo lina adabu lakini ni baya, Shangazi. Mtu akijibu ndiyo, kila kitu kinafutwa. Nilijibu hapana na kuitoa. Shida ni kwamba kila aina ya kompyuta ilikuwa na njia yake ya kupanga maneno kwenye diski, na hii yangu ikikuta mpango isioujua inadhani hakuna kitu. Kwa ulivyoieleza, mashine ya mchungaji ilikuwa ya aina ya Apple. Kuna programu ambazo watu wameandika ili kompyuta kama yangu isome diski za nyingine. Nimepata moja nikaijaribu, ikakataa zote sita. Nitatafuta nyingine.

Ile ya saba iache hapo ilipo kwanza. Usiipanguse, jina lisije likatoka kweli.

Sharti lako nimelisikia. Sitasoma.

Nelvine


Chepseon
23 Aprili 2023

Nelvine mwanangu,

Hapa ni mvua. Juzi mvua ya mawe ilipiga chai ya kwetu na ya kwa mwalimu Chepchirchir, jirani yangu, ikaacha vijiti. Ng'ombe amezaa dume, kwa hiyo hata yeye hanifurahishi. Omosa mwanangu ameandika kutoka Naivasha kwamba yuko sawa, na mtu akisema yuko sawa kwa mstari mmoja unajua hayuko. Hajui habari ya diski na usimwambie. Alizaliwa baada ya Mongina na hatukuwahi kumwambia alikuwa na dada.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Ombui akishamwandika kule ofisini, hapa nyumbani hakumtaja tena, nami sikumtaja. Nilidhani nikimtaja nitamwumiza. Nikajiambia basi, yote yako kwa diski, hakuna haraka, na mimi nikaacha kushika. Ulikuwa hujui mtu anaweza kuacha kushika mtoto wake kichwani? Anaweza. Hatuna picha yake. Mpiga picha alikuwa anakuja sokoni siku za soko na tulisema mwaka ujao, akikua kidogo. Sasa nakumbuka gauni lake, lilikuwa la kijani na mfuko mmoja. Nakumbuka gauni vizuri, lakini simwoni aliyekuwa ndani yake.

Jana nilimwaga chai kando ya kikombe. Chepchirchir aliona akapangusa meza, ana heshima.

Tangu Machi hujaniambia kama hata moja ya zile sita imefunguka. Niambie.

Shangazi yako,
Phelis


Nanyuki
11 Juni 2023

Kwa Shangazi,

Nisamehe kwa kukawia. Baba alikuja kutibiwa goti, akakaa kwangu, akalala kwa kitanda changu na kusema ni kigumu. Amerudi nyumbani anatembea vizuri kuliko anavyotaka watu wajue. Pole kwa chai na mvua ya mawe.

Nimejaribu programu tano sasa. Moja ilikuwa ya kulipia nikaipata bila kulipa, usimwambie mchungaji wako wa huko. Moja ilifungua dirisha zuri lenye picha ya diski, ikazunguka na kuzunguka na kusema haioni kitu. Nyingine ilinipa matumaini kwa sababu iliandikwa na mtu anayezijua hizi Apple kuliko wote. Niliwasha, nikashindwa, ndipo nikasoma maelezo yake mpaka chini kabisa ambako hakuna mtu husoma. Anasema diski za Apple za miaka ile ziliandikwa kwa mashine iliyokuwa ikibadilisha mwendo, ikizunguka polepole pembeni na haraka kuelekea katikati. Mlango wa kompyuta yangu unazunguka kwa mwendo mmoja tu. Kwa hiyo programu hata ziwe mia, hazitasaidia. Miezi hii yote nimekuwa nikibadilisha ufunguo, na kumbe hata kitasa si chenyewe. Siku hiyo nilifunga duka mapema.

Lakini kuna bodi ndogo inauzwa ng'ambo. Unaichomeka kati ya mlango wa diski na kompyuta, nayo haijali mpango wowote, inachukua sumaku yote ya diski jinsi ilivyo, kisha programu nyingine inaitafsiri pole pole. Mteja mmoja anayesafiri amekubali kuniletea. Tungoje.

Kuhusu zile sita, bado sijui. Zina umri.

Nelvine


Chepseon
16 Julai 2023

Nelvine,

Salamu. Mistari inapandana, utanivumilia. Ng'ombe yuko.

Nimekuuliza juu ya sita, umenijibu juu ya bodi. Nauliza tena. Mtoto wa ngumbaru hujua mwalimu akigeuka dirishani ni kwamba jibu si zuri.

Phelis


Nanyuki
20 Agosti 2023

Kwa Shangazi Phelis mpendwa,

Natumaini baridi ya Julai imekuachia. Huku tumepoteza stima siku tatu na baba anasema ni kwa sababu siendi kanisani. Anakusalimu sana.

Bodi ilikuja. Kwanza niliijaribu kwa diski ya Apple niliyopewa na mzee mmoja wa hapa, na ikasoma. Zilikuwa hesabu za mbwa wake, chanjo na majina, lakini nilipoona herufi zinajitokeza nililia mbele ya wateja. Kisha nikaweka zako moja moja. Nilizipitisha kila moja mara nyingi, nikabadilisha mlango, nikabadilisha programu ya kutafsiri. Programu hiyo hukuchorea duara na kuweka kijani palipo na maneno. Zote sita zilikuja bila kijani hata nukta. Ile rangi ya kahawia inayoshika sumaku imeondoka.

Diski za miaka ile huchoka, Shangazi. Hazikutengenezwa kukaa hivyo. Ningekuwa na neno zuri ningeliandika.

Tumebaki na ya saba. Nakuomba uitume sasa. Itume jinsi ilivyo, na masizi yake yote. Usiipanguse, hata kwa kitambaa kikavu, na usifungue kile kimlango. Ifunge tu kwa karatasi.

Nelvine


Chepseon
17 Septemba 2023

Kwa Nelvine,

Anayeandika ni mwalimu Chepchirchir, jirani. Mimi nasema, yeye anaandika. Mkono wangu umechoka siku hizi. Nakusalimu, na Chepchirchir anasema na yeye anakusalimu. Chai imeanza kurudi. Mwambie baba yako mahindi yake ya huku yamekomaa, aje avune kabla nyani hawajamsaidia.

Umeniambia nisiipanguse. Uliniambia Machi na umeniambia tena, na mara hii umetaja kitambaa na kimlango. Nimekaa na neno hilo wiki tatu. Nimekuelewa. Usiandike kitu kingine juu yake, si sasa wala baadaye.

Diski hii hapa. Nilitaka kukaa nayo kidogo zaidi, lakini kukaa nayo hakunisaidii.

Phelis

Dada Nelvine, hii ya chini naandika mimi Chepchirchir na sijamsomea. Mkono wake ni mzima kabisa. Tangu mwezi uliopita ananiuliza kama ni mchana. Hataki ujue mpaka umalize kazi, anasema utaharakisha na kuharibu. Nilimsikia akiongea na hiyo diski kabla ya kuifunga, nikatoka nje.


Nanyuki
29 Oktoba 2023

Kwa Shangazi Phelis, kwa mkono wa mwalimu Chepchirchir,

Mwalimu, tafadhali funga mlango, umkalishe, umsomee pole pole. Asante kwa yote.

Shangazi, sisi wazima. Baba amevuna mahindi na kuleta debe moja hapa, akaniambia nisage mwenyewe. Nilikuwa na salamu nyingi lakini nitaziacha.

Diski ilifika. Masizi yalikuwa yameishika mpaka kimlango hakifunguki, na ndani hakuna ukungu hata kidogo. Moshi wa irongo uliilinda. Niliifungua gamba, nikaosha kwa spiriti na pamba bila kusugua, nikaikausha siku nzima kabla ya kuiweka. Duara lilikuja kijani. Si lote, lakini lilikuja.

Nimevunja sharti lako. Programu inapotafsiri haijui herufi ni za mtu au ni takataka, na hakuna njia ya kujua bila kusoma. Nilijaribu kutazama bila kusoma na mtu hawezi. Najua ulitaka uyaone kwa macho yako kwanza, na najua sasa haiwezekani. Nimeyachapisha kwa herufi kubwa kama nilivyoahidi, na karatasi iko humu ndani, lakini nayaandika hapa pia ili mwalimu ayasome. Si mengi. Mwanzo umeharibika na siwezi kukuandikia. Yaliyobaki ni haya, ya Ombui:

"Mchana nilikuwa ofisini. Nilimwona jioni tu, akiwa amechoka, akilala na kijiko mkononi. Phelis ndiye aliyekaa naye. Kulikuwa na wimbo aliotunga mtoto mwenyewe wa kufukuza kuku kwenye mtama, alikuwa anauimba kila asubuhi. Phelis anaujua. Mimi najua tu kwamba ulikuwepo."

Hapo pana mistari iliyopotea. Kisha:

"Leo nilitaka kumwuliza Phelis nikashindwa. Akilitaja jina nitalia mbele yake na yeye ataacha kula tena. Nitamwuliza siku moja akipata nguvu. Akiniambia yote aliyonayo, hii nayo nitaijaza."

Basi. Baada ya hapo nimepitia diski yote mpaka mwisho. Si kwamba pameharibika, Shangazi. Ni pazima, na hapajawahi kuandikwa kitu.

Nitakuja Desemba nikiruhusiwa.

Nelvine


Chepseon
19 Novemba 2023

Nelvine mwanangu,

Chepchirchir ndiye anaandika. Nakusalimu. Watu wa hapa wako sawa na mvua inanyesha vizuri. Mwalimu alisoma barua yako mara moja, nikamwomba tena, akasoma akilia mpaka nikamwambia anyamaze asije akaruka neno.

Karatasi yenye herufi kubwa nimeishika. Ni laini. Nimeirudisha kwa bahasha.

Umesema mwanzo umeharibika na huwezi kuniandikia. Umeharibika au umeuacha, sitakuuliza. Nilikaa na Ombui miaka kumi na tano na sikuwahi kumwona akianza kazi mwishoni. Mtu akisema hii nayo nitaijaza, ni kwamba amekwisha jaza nyingine. Ni zile sita. Zilikuwa safi, ulisema. Usinijibu hapo.

Sasa huo wimbo. Tangu barua ije nimekaa kwa kiti nikiutafuta. Mtama nauona, hata kuku nawaona, nasikia kwamba kuna mtoto anaimba upande wa ghala, na sisikii anaimba nini. Nilijua Ombui ameuandika, kwa hiyo sikuushika. Na yeye alijua mimi ninao, akaningoja. Tulilala kitanda kimoja miaka saba baada ya kumzika, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye ana mtoto. Kama angeniuliza siku ile ya kwanza ningemwimbia mpaka mwisho. Nina hakika nilikuwa naujua.

Nimeumia, Nelvine, na sina mahali pa kuyaweka maumivu haya. Ningelia kwa Nyasae, Mungu wetu, lakini hata kulia kunataka mtu awe na sura ya yule anayemlilia.

Nikuombe jambo moja halafu nikuache upumzike na hizo mashine. Wakati ule baba yako alikuwa kijana, alikuwa anakaa hapa kwetu akisoma shule. Alikuwa anaondoka asubuhi, saa ambazo kuku wanafukuzwa. Mwulize kama anaukumbuka. Usimwambie mengine, mwulize tu, kwa upole, akiwa ameketi. Kama ana hata neno moja la mwanzo, aniletee mwenyewe aniimbie sikioni. Na kama hana, aseme hana. Asinitungie.

Phelis, mama Mongina